Mwenyeji Wangu na Matuta Mabichi

Barua ya mpango wa walimu wa kujitolea ilisema nikifika Sumbawanga nitapokelewa na mwenyeji. Jina hawakuandika. Nilishuka stendi mwezi wa saba, siku ya tatu tangu niondoke kwetu Bomet, Kenya, miguu imevimba, na upepo ukanipiga usoni kabla sijashika begi langu. Mama mmoja mfupi mwenye miwani alinijia moja kwa moja. Alinisalimu, akauliza habari za safari, habari za wazazi, habari za ng'ombe wa wazazi, halafu akanipa sweta kubwa la kijivu la kiume. "Vaa," alisema. Nikamwambia asijali, kwetu pia kuna baridi. "Baridi ya kwenu siijui," alinijibu. "Ya huku naijua. Vaa."

Tangu siku hiyo nimemwita Mwenyeji, na hapa nitaendelea hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa mtaa wa Katandala, pale nyumba za mji zinapokwisha na mashamba kuanza. Kuna siku alisimama mbele ya wazazi wa shule hiyo akalibeba kosa langu, nami nimekaa pembeni yake nimenyamaza kama sanamu. Sijawahi kulisimulia jambo hilo bila kulipunguza. Leo nataka kulisimulia lote, lakini kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana asipojulikana yeye hata kosa langu litaonekana dogo.

Nilipangiwa chumba nyuma ya nyumba yake, ua mmoja, bomba moja. Wiki ya kwanza nilidhani nimepewa mama mkwe. Alihesabu vipande vya mkaa nilivyotia jikoni. Alinifundisha kufua mashuka kabla upepo wa saa tano haujaanza kuleta vumbi. Nilipomwambia kwamba mimi ni mtoto wa mkulima, nimekua kwenye majani ya chai na mahindi, kazi za mikono hazinitishi, alicheka akageukia sufuria yake. "Haya, mtoto wa mkulima," alisema. "Chota maji."

Ugali wa ulezi ulinishinda. Ni mweusi, mzito, unashuka kooni kwa kufikiri. Mwenyeji aliusifu kila mahali: kwenye mikutano, kanisani, kwa wagonjwa. Alisema aliyekula ulezi asubuhi haulizi saa ya chakula cha mchana. Lakini Jumapili baada ya misa, mlango ukishafungwa, mezani kwake palitokea wali mweupe na migebuka, samaki wa ziwani, ya kukaanga. Nilipomtania alijibu bila aibu, "Jumapili hata ulezi unapumzika."

Kilichonisumbua zaidi ni salamu. Mimi ni mtu wa haraka, na sina haja ya kukana. Nikitumwa chumvi naleta chumvi. Kutembea na Mwenyeji kutoka nyumbani hadi dukani, mwendo wa dakika tano, kulichukua saa nzima. Kwa kila mzee aliinama kidogo, akapiga viganja taratibu, akatoa shikamoo, kisha zikafuata habari za mvua, za msiba wa juzi, za mtoto aliyeko Mbeya. Nami nilisimama nyuma yake nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Siku moja alinigeukia katikati ya njia. "Kiswahili chako kina haraka, mwanangu," alisema. "Unasema kama mtu aliyeacha maziwa jikoni." Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Darasani kwake alikuwa mtu mwingine. Watoto zaidi ya themanini, madawati hayatoshi, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Aliwatoa nje, akawapanga kwenye udongo ulionyunyiziwa maji, wakaandika irabu kwa vidole. Sheria ya shule ilisema lugha ya darasani ni Kiswahili, na ni yeye aliyeibandika sheria hiyo ukutani kwa mwandiko wake mzuri. Lakini mtoto akilia, Mwenyeji alichuchumaa akambembeleza kwa Kifipa, lugha ya kwao, sikioni. Walikuwepo pia watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa pili wa barabara, na kwa ajili yao alikuwa amejifunza maneno ya Kisukuma yanayotosha kumfuta mtu machozi. Nilimkumbusha sheria iliyoko ukutani. "Sheria inasema lugha ya kufundishia," alinijibu. "Hapa sifundishi."

Alijua pia kuitumia sifa ya mji wake. Mnajua jinsi watu wa mbali wanavyousema Sumbawanga, kwamba ni mji wa wachawi. Hata ndani ya basi abiria mmoja aliniuliza kama nimeaga vizuri nyumbani. Mwenyeji, mwanamama wa kanisa, rozari haikukosekana mkobani, hakuwa na muda na mambo hayo. Hata hivyo, bodaboda mgeni alipotaka kutuacha nusu ya njia kwa kisingizio cha tope, Mwenyeji alivua miwani polepole, akaifuta, akamwuliza kwa upole, "Kijana, unajua uko mji gani?" Tulifikishwa mpaka mlangoni. Alicheka hadi akashika ukuta.

Na alikuwa mwongo hodari. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu bila uongo wake nisingemaliza hata mwezi. Wiki ya tatu nilipatwa na upweke ambao sikuutegemea. Sikuwa mbali sana, nilikuwa nchi jirani tu, watu wanasema lugha ninayoielewa, na bado nililia asubuhi nzima nikashindwa kwenda kazini. Mwenyeji alichungulia, akanitazama, akaondoka. Baadaye nikasikia kwamba alimwambia mwalimu mkuu nina malaria kali, ameniona nikitetemeka kwa macho yake. Jioni alikuja na uji, akakaa kitandani kwangu bila kuuliza kitu. Nilimwambia haikuwa vizuri kudanganya kwa ajili yangu. "Aliye uchi hufunikwa kwanza," alisema. "Maswali baadaye." Baadaye yenyewe haikufika.

Basi nije kwenye matuta.

Shule ilikuwa na shamba nyuma ya madarasa, na Mwenyeji ndiye aliyelisimamia. Kazi hiyo haikumwongezea mshahara, lakini aliipenda kuliko cheo chochote. Ulezi wa shamba lile ndio uliopikwa uji wa watoto wadogo, wale ambao wengi wao hutoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Nilipofika lilikuwa limejaa matuta ya mviringo kama vichuguu, makubwa kiasi cha meza, yameota magugu makavu juu. Kwangu mimi, mtoto wa mkulima, lilikuwa shamba lililotelekezwa. Sikumwuliza mtu. Niseme ukweli, nililionea aibu kwa niaba yao.

Mwezi wa nane Mwenyeji alikwenda msibani kijijini kwao, siku nne. Mwalimu mkuu alikuwa ameitwa kwenye semina. Mimi nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha nilichokuja kufanya. Niliwachukua wanafunzi wa darasa la sita na majembe, nikawaambia tunasawazisha shamba, tutalima mboga, tutamwagilia kwa maji ya bomba, na mwalimu wao akirudi atakuta bustani. Msichana mmoja alinyoosha mkono. "Madamu, matuta hayajaiva," alisema. Nikacheka, nikamwambia udongo hauivi. Wenzake hawakucheka. Walitazamana, wakainama, wakaanza kulima, kwa sababu walifundishwa kumtii mwalimu. Kwa alasiri mbili tuliyavunja yote. Nilipiga picha nikazituma kwa watu wa mpango, nao wakanipongeza.

Mwenyeji aliporudi alipitia shambani kabla ya kufika nyumbani. Nilimkimbilia nikiwa na furaha zangu. Alisimama ukingoni na begi lake la msiba begani, hakunijibu salamu. Kisha akakaa chini, mwanamke yule ambaye hakuwahi kukaa mavumbini mbele yangu.

Alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama anavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Mwisho wa masika, nyasi zikiwa ndefu na mbichi, wazazi wote huja siku moja na majembe. Hupindua udongo, wakazifukia nyasi katikati, wakainua tuta. Kiangazi chote nyasi zinaoza humo ndani polepole, zinageuka mbolea, na tuta linatunza unyevu wake. Mvua za kwanza zikinyesha ndipo matuta huvunjwa, yakasambazwa, ulezi ukapandwa. Hakuna mbolea nyingine. Hivyo ndivyo Wafipa wanavyolima tangu mababu, na shamba lile ndivyo lilivyowalisha watoto. Mimi nilikuwa nimelipasua tumbo kabla ya wakati. Nyasi zilikuwa zimetapakaa juu, bado za kijani ndani, upepo unazikausha. Ng'ombe wa majirani walikuwa wameshaanza kuja kuzila.

"Tunaweza kuyarudisha?" nilimwuliza.

"Nyasi ziko wapi?" aliniuliza naye.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Ijumaa, ndani ya darasa la sita. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti juu. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mrefu mwenye sauti ndogo, hakutoa hotuba. "Nguvu zetu zimevunjwa," alisema. "Tunaomba kujua ni nani." Mwalimu mkuu alinitazama. Nilijua nifanye nini, asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini niliziona nyuso zile, nikafikiria picha nilizotuma, nikafikiria kurudishwa nyumbani kabla ya miezi miwili kwisha, nikabaki nimeketi.

Mwenyeji akasimama. "Ni mimi," alisema. "Nilimwagiza mgeni asawazishe. Nilikosea kuhesabu miezi."

Alikosea kuhesabu miezi! Mwanamke aliyezaliwa kwenye matuta, aliyeweza kukwambia siku ya mvua kwa kunusa! Nilitazama daftari langu. Mwenyekiti alikaa kimya muda mrefu sana, na chumba kizima kikakaa naye. Kisha wazazi wakajadiliana kwa Kifipa, wakaamua usimamizi wa shamba uchukuliwe na mwalimu wa michezo. Mwenyeji alikabidhi ufunguo wa stoo ya majembe palepale, akaketi, akajipangusa mikono kwenye kitenge kana kwamba amemaliza kuosha vyombo. Mkutano ulipokwisha wazazi walinisalimu mimi kwa upole kuliko siku zote. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Siku ya tatu ndipo nilipopata ujasiri, ujasiri wa jikoni, usio na shahidi. Nilimwambia nitakwenda kwa mwenyekiti kusema ukweli. Alikuwa anachambua maharage. "Sasa?" alisema. "Ukisema sasa utanifanya mwongo mbele ya wazazi. Nimeshasema, yamekwisha." Nilishukuru moyoni, na ninajilaumu zaidi kwa shukrani ile kuliko kwa matuta yenyewe. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kuendelea kuwa mwoga.

Msidhani alikuwa malaika. Kwa wiki sita alizungumza nami kwa maneno ya lazima tu: maji, mkaa, funga mlango. Alimchukia mwalimu wa michezo kwa chuki isiyo na haki yoyote, akisimama uani na kukosoa ulezi wake kwa sauti, kwamba umesimama kama nywele za mgonjwa. Kweli ulikuwa hafifu. Mavuno ya mwaka ule hayakufika mbali, na uji ukakoma katikati ya muhula. Nilikuwa nafundisha hisabati dirisha kwa dirisha na darasa lake, na saa nne asubuhi, saa ya uji, niliwasikia wadogo wale wakitulia, wamechoka. Hakuna aliyekuja kunieleza maana ya utulivu ule.

Masika yaliyofuata alinigongea Jumamosi moja alfajiri, jembe mkononi. "Mtoto wa mkulima," alisema, "twende." Alinipeleka kwenye shamba lake mwenyewe, akanionyesha jinsi ya kulaza nyasi, jinsi ya kuzungusha udongo, jinsi ya kulipigapiga tuta lisipasuke. Jumamosi zote za mwezi ule niliinua matuta mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakunishukuru hata mara moja. Lakini njiani kurudi tulisalimia kila mtu, na siku moja nikagundua kwamba ni mimi niliyekuwa nimeanza kuuliza habari za mtoto aliyeko Mbeya, yeye ananisubiri. Nilikaa miaka yangu miwili yote. Wengine katika kundi letu walirudi makwao mapema. Mimi nilipata mtu wa kunifunika.

Nilirudi kumwona baada ya miaka sita. Sasa nafundisha kwetu, nina mtoto mmoja, na nilitumia likizo ya mwezi wa nane kupanda mabasi yale yale. Mwenyeji alikuwa amestaafu. Amepungua mwili, anatembea akigusa ukuta, lakini mdomo ulikuwa mzima. Aliniangalia juu mpaka chini akasema nimenenepa kama karani. Ilikuwa Jumapili, na alasiri majirani wa jumuiya yao walikuja kunisalimu, wazee kwa akina mama, wakajaa sebuleni. Mwenyekiti wa kamati ya zamani alikuwepo pia, na fimbo sasa. Chai ikagawiwa. Nilisalimia kila mmoja kwa wakati wake, Mwenyeji akinitazama kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Mazungumzo yakafika kwenye shamba la shule. Mwenyekiti alisema uji umerudi, tena siku nyingi, matuta ya mwaka huu ni mazuri. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," aliniambia kwa sauti yake ile ndogo, "yale matuta yako, sisi tulijua. Watoto walitueleza jioni ileile. Nani angemwamini huyu mama kwamba amesahau miezi? Tulinyamaza pale darasani tukikungoja wewe. Ungesimama, ungeomba radhi, yangekwisha, na yeye angebaki na shamba lake. Hukusimama. Naye alishasema ni yeye, tungemfanyaje? Sikusemi kwa ubaya. Ila nimeuliza moyoni miaka yote hii, kwa nini?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikidhani nimebeba siri, kumbe siri ilikuwa imenibeba mimi peke yangu. Walinisalimu kila siku wakijua. Waliniletea mahindi mabichi wakijua. Na shamba lile, kitu pekee ambacho Mwenyeji alikipenda kwa ajili yake mwenyewe, lilikuwa kwenye ulimi wangu, na sentensi moja ingelirudisha.

Kabla sijafungua mdomo, Mwenyeji aliingilia.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Usiku wa kuamkia mkutano. Alitaka kusema, nikamwambia akinyanyuka nitamfukuza nyumbani kwangu. Mwacheni."

Halikuwepo jambo kama hilo. Usiku wa kuamkia mkutano ule hatukuambiana neno. Alikuwa amelibuni palepale, mzee yule, mbele ya majirani aliosali nao asubuhi, na watu walikuwa tayari wameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, mwenyekiti pia. Njia ilikuwa wazi kabisa. Ningeinua kikombe tu, jambo lingekwisha kwa mara ya pili.

Nikasimama.

"Hakunikataza," nikasema. "Hakuniambia kitu. Niliogopa."

"Kaa chini," alinong'ona Mwenyeji, akanivuta nguo. "Kaa chini, mwanangu, chai inapoa."

Sikukaa. Niliwaeleza yote, tangu msichana aliyenyoosha mkono, na sikuharakisha.